Huduma ya mazishi kwa vifurushi mjini Lubumbashi: sanduku zuri, kilio kisicho na wenyewe

Katika miaka ya karibuni mji wa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umepata nyumba za huduma zinazochukua mikononi mwao kazi yote ya msiba, tangu maiti anapotolewa katika chumba baridi cha hospitali hadi kiti cha mwisho kinapokusanywa baada ya maziko. Ninayoichunguza hapa ni mojawapo, na siitaji jina, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanahusu biashara nzima kuliko mwenye nyumba mmoja, na kwa kuwa familia zilizoniruhusu kusoma ankara zao bado zina hesabu nayo. Nimehudhuria misiba yake ya daraja la juu na ya daraja la chini, nikazungumza na waliolipa, na waliokuja kuomboleza, na pia na meneja, ambaye alinijibu kwa subira. Hukumu yangu naitanguliza, maana huenda anayesoma ana maiti anayesubiri na hana muda wa kufika mwisho: sanduku lao ni zuri, gari lao ni la kutegemewa, lakini kilio chenyewe, yaani matanga, msiwakabidhi.

Vifurushi ni vitatu. Cha chini, kwa dola 1,200, kinatoa sanduku la mbao laini lililopakwa vanishi, gari la kubeba maiti, hema moja, viti vya plastiki, spika mbili na sahani moja ya chakula kwa kila mgeni aliyehesabiwa mapema. Cha kati, kwa dola 3,500, kinaongeza sanduku la mbao ngumu, maua, mpiga picha na ukumbi kwa nusu siku. Cha juu kinaanzia dola 12,000, na hakina kikomo isipokuwa kikomo cha mfuko wa mwenye msiba: sanduku linaloagizwa kutoka Afrika Kusini, magari meusi ya kuandamana, bendi ya matarumbeta, droni inayopiga picha kutoka juu, hema lenye kiyoyozi, na kundi la akina mama waliovaa kitenge cha sare wanaolipwa waimbe na walie. Ili msomaji apate kipimo cha bei hizi, Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2024 kwamba zaidi ya Wakongo 7 kati ya 10 waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Kifurushi cha chini kabisa, kile cha maskini, ni zaidi ya siku 550 za kiasi hicho, na ni lazima nusu ya fedha ilipwe kabla gari halijawashwa.

Haki itendeke kwa kazi iliyofanywa vizuri. Masanduku niliyoyakagua, hata yale ya bei ya chini, yameungwa kwa ustadi, vishikio vyake havichomoki, na kifuniko hufungwa bila kupigwa nyundo mbele ya watoto wa marehemu. Gari lilifika kwa saa iliyoahidiwa, na katika msimu wa mvua, wakati barabara za mitaa ya Katuba na Ruashi zinapogeuka matope, walileta gari refu lenye magurudumu yanayoweza kupita. Karatasi za kifo na kibali cha kuzika walizifuatilia wenyewe, jambo linaloiondolea familia siku nzima ya kusukumwa kutoka dirisha moja hadi jingine. Niliona pia binti wa marehemu aliyeko Ubelgiji akifuatilia maziko ya baba yake kwa simu, sauti ikiwa safi na picha ikiwa imetulia, kwa sababu kijana aliyekabidhiwa kazi hiyo hakuiacha hata alipolowa mvua. Kwa mtu aliyenyimwa viza au asiye na nauli, hilo si anasa, na ningependa lipatikane hata katika kifurushi cha chini, ambako leo halimo.

Shida huanzia pale ambapo kazi ya vitu inakwisha na kazi ya watu inaanza. Kilio cha Lubumbashi, kama wengi wetu tulivyokikuta, kina utaratibu wake ambao haukuandikwa popote. Habari ikishafika, majirani huingia bila kuitwa, hutoa makochi na meza nje, hutandika mikeka sebuleni, na mjane huketishwa chini katikati ya wanawake ili asipate nafasi ya kuanguka peke yake. Vijana wa barabara ile ile hukata matawi na kuyaweka njiani ili magari yapite polepole. Wanaume hukaa nje, na usiku huwasha moto ambao hauachwi kuzimika hadi asubuhi. Kando ya mlango huwekwa meza ndogo yenye daftari, ambamo huandikwa kila kilicholetwa, iwe ni faranga, makala (makaa ya kupikia), unga, sombe (majani ya mihogo) au bitoyo (samaki wakavu), na daftari hilo huhifadhiwa na familia kwa miaka, kwa sababu siku mwenzio atakapofiwa utalifungua uone alikuletea nini. Watani wa ukoo huja kumtania maiti, kumdai madeni ambayo hakuwa nayo, na kuwachekesha wenye msiba hata wasipotaka kucheka. Chungu kikubwa cha bukari, yaani ugali, hupikwa uani na wanawake wanaopokezana mwiko, na ni hapo kwenye moshi ndipo mambo mazito ya familia husemwa kwa sauti ya chini: nani atakaa na mtoto wa mwisho, nani atalipa shule, nani asiruhusiwe kugusa nyumba ya mjane.

Utaratibu huo una sababu yake katika historia ya mji wetu. Lubumbashi ilianzishwa na wakoloni wa Kibelgiji mwaka 1910, ikajazwa watu wasiokuwa na undugu wowote kati yao. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi ya shaba iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), kutoka Rwanda na Burundi, ikawaweka katika safu za nyumba zinazofanana, kila mmoja akiwa mbali na kaburi la baba yake. Mtu aliyekufa hapa hakuwa na wajomba wa kumwosha wala shangazi wa kumlilia, ndipo jirani wa kabila jingine akawa mjomba na mke wa jirani akawa shangazi. Kwa hiyo kilio hakikuwa tu mahali ambapo undugu ulionyeshwa. Undugu wenyewe ulitengenezwa pale, usiku baada ya usiku, na mji wenye makabila kadhaa katika barabara moja ukapata kwa njia hiyo jambo ambalo amri ya kampuni isingeweza kulileta.

Sasa nirudi ukumbini. Katika msiba wa daraja la juu nilioushuhudia, marehemu alikuwa mama wa mfanyabiashara wa madini, na wageni waligawiwa bangili za karatasi mlangoni: za rangi ya dhahabu kwa hema la mbele lenye kiyoyozi, ambako kulikuwa na viongozi, washirika wa biashara na wakurugenzi wa kigeni, na za buluu kwa hema la nyuma. Mwanamke mzee aliyetoka Kamalondo kwa teksi-basi, aliyekaa kiwanja kimoja na marehemu tangu wakiwa wasichana walioolewa juzi, alielekea mbele moja kwa moja kama mtu anayeingia kwake. Kijana mwenye suti alimzuia kwa adabu.

“Mama, samahani, hapa ni kwa wenye bangili ya dhahabu. Nafasi yako iko kule nyuma.”

“Mwanangu,” alimjibu, “huyo aliyelala ndani ya sanduku tulipika bukari kwenye moto mmoja. Na huyo mwenye msiba aliyekuajiri, mimi nilimbeba mgongoni. Bangili ni ya kazi gani?”

“Nimeagizwa tu, Mama.”

Akaenda nyuma, akakaa karibu na jenereta, mahali ambapo mahubiri hayasikiki. Mwana wa marehemu alipoambiwa jambo hilo baada ya maziko alihuzunika kwa dhati, na mimi ninamwamini. Hakukuwa na mtu aliyekusudia kumdhalilisha yule mama. Orodha ilitayarishwa na katibu wa kampuni yake, ambaye aliwajua washirika wa biashara kwa majina na hakumjua hata jirani mmoja wa Kamalondo. Ndiyo maana naona kosa hili ni zito kuliko uzembe wa mfanyakazi mmoja. Huduma inapouzwa kwa madaraja, lazima pawe na mtu wa kuamua nani ni wa daraja gani, na mwamuzi huyo huwa ni anayefahamu fedha, kwa kuwa ndiye aliyepo ofisini siku ankara inapotayarishwa. Wanaomjua marehemu huwa hawajafika bado, wako njiani.

Kuhusu akina mama wa kuimba, sauti zao ni nzuri na nyimbo wanazijua. Walilia pale palipopangwa, sanduku lilipofunguliwa na lilipofungwa. Saa za mkataba wao zilipokwisha walipanda gari lao wakaondoka, na pamoja nao likaondoka hema, zikaondoka spika, zikaondoka taa. Saa kumi na mbili jioni nyumba kubwa ya marehemu ilikuwa na walinzi wawili, binti mmoja na wajukuu waliokuwa wakitazama picha za droni. Kifurushi cha dola 12,000 hakina usiku ndani yake. Yeyote aliyewahi kufiwa anajua kwamba mchana wa maziko una shughuli za kutosha kumshikilia mtu, na kwamba hatari iko katika usiku wa kwanza wa nyumba tupu na katika juma linalofuata, wakati nguo za marehemu bado zimetundikwa mlangoni. Sehemu hiyo ya kilio ndiyo ngumu kuliko zote, na nyumba hii haiiuzi kwa bei yoyote. Inaweza kuwaleta watu wanaolipwa kwa saa, lakini haiwezi kumleta mtu anayebaki.

Ningeweza kusema kwamba hayo ni mambo ya matajiri, wayamalize wao kwa wao. Lakini mfano wa tajiri huteremka barabarani haraka kuliko fedha yake, na msiba wa pili niliouhudhuria ulinihuzunisha zaidi. Marehemu alikuwa mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali iliyoirithi Union Minière, na mkazi wa Katuba. Watoto wake, ambao mmoja ni dereva na mwingine anauza mitumba, walichukua kifurushi cha chini, na kwa kuwa hawakuwa na malipo ya awali walikopa kwa mkopeshaji wa mtaani, ule mkopo wa riba kubwa wa mwezi kwa mwezi ambao hapa kwetu kila mtu anaujua kwa jina la bank Lambert. Niliwauliza sababu. Mkubwa wao alisema kwamba familia ya barabara ya pili ilimzika baba yao kwa kifurushi mwezi uliotangulia, na kwamba yeye asingeweza kumweka baba yake katika sanduku la seremala wa njiani huku watu wakitazama.

Majirani wa Katuba walikuja kama kawaida yao. Walileta unga, walileta makala, mama mmoja alileta kuku wawili wa uani kwake. Msimamizi wa huduma aliwaeleza kwamba chakula kimo ndani ya mkataba, kwamba jiko la nje haliruhusiwi kwa sababu za usafi, na kwamba sahani zimehesabiwa. Wanawake wale walisimama na mabeseni yao kichwani, wakatazamana, kisha wengi wakarudi nyumbani, kwa sababu aliyekuja kupika na akakatazwa kupika hajui aketi kama nani. Sahani zilizohesabiwa hazikutosha. Daftari la michango halikufunguliwa kabisa. Kwa maneno mengine, familia ilikuwa imekopa kwa riba ili inunue kile kile ambacho barabara yake ilikuwa imekileta mlangoni bure, na kilichokuja bure kikarudishwa. Katika yote niliyoyaona katika huduma hii, hilo ndilo ninaloliona baya kuliko mengine, baya kuliko bangili.

Itasemwa kwamba watu hawalazimishwi kununua. Hawalazimishwi na nyumba hii, ni kweli. Lakini mtu wa Katuba hakuanza jana kuhangaika na sanduku, na inafaa kukumbuka ni nani aliyekuwa akililipa zamani. Wastaafu wanasimulia kwamba mfanyakazi wa Union Minière, na baadaye wa Gécamines, alipata mposho (posho ya chakula) wa unga, shule ya watoto, hospitali, na siku ya kufa sanduku na gari la kumpeleka makaburini. Sisemi kwamba ule ulikuwa upendo. Kampuni iliyowalisha watu ilitaka pia kuwatawala hadi ndani ya nyumba zao, na Desemba 1941, wafanyakazi wa mji huu walipogoma wakidai mshahara bora, askari waliwapiga risasi. Hata hivyo lilikuwa ni jambo linalojulikana kwamba mali inayotoka chini ya ardhi ya Katanga inadaiwa kitu na mwili wa aliyeichimba.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, siasa za nchi zikaharibika, mapato yalikuwa yamekamuliwa kwa miaka mingi bila mitambo kufanywa mipya, na muda mfupi baadaye uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na kuitwa wa kuondoka kwa hiari, ingawa wengi wao walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi na hawakuwa na njia nyingine. Kama hadithi ingeishia hapo, tungesema kwamba sanduku la bure lilikwisha kwa sababu mali ilikwisha. Lakini mwaka 2023 Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba, mara tano na zaidi ya ile ya siku za mposho, na inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia nzima. Mali ipo kuliko wakati wowote tangu mji huu uwepo, na mtoto wa mchimbaji anakopa kwa riba ili amzike baba yake.

Sehemu ya fedha hiyo ilipotea kwa njia zinazojulikana. Mwaka 2013 jopo lililoongozwa na Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, lilikadiria kwamba katika mauzo matano ya mali za madini, kati ya 2010 na 2012, nchi ilipoteza angalau dola bilioni 1.36 kwa kuuza chini ya thamani, kiasi kinachokaribia mara mbili ya bajeti za afya na elimu za mwaka 2012 zikiunganishwa. Mwaka 2022 Glencore, kampuni ya madini ya Uswisi, ilikiri mahakamani nje ya nchi makosa ya rushwa, Kongo ikiwa miongoni mwa nchi zilizotajwa, na mwezi Desemba ikakubali kuilipa serikali yetu dola milioni 180. Wakati huohuo wengi wa wanaofanya kazi migodini leo wameajiriwa kupitia kampuni za kati kwa mikataba mifupi, na wachimbaji wa mikono hawana mwajiri yeyote wa kudaiwa sanduku. Mtoto wa Katuba aliyepata kazi katika miji ya migodi ya Kolwezi au Fungurume hukaa kule majuma mengi mfululizo kwa zamu za saa 12. Jirani yake akifa hutuma mchango kwa simu, na simu hupokea fedha lakini haikeshi karibu na moto. Nyumba ya mazishi haikuyaanzisha hayo. Ilikuta pengo, ikaweka bei juu yake.

Ni lazima pia niseme kwa nini familia zenye akili timamu huichagua. Kilio chetu nacho kina makosa yake, na anayekisifu bila kuyataja anawadanganya wajane. Wapo wanaokuja kula tu, wakadai bia ya Simba na nyama kama watu waliokuja harusini, na mwenye msiba akabaki na deni la duka. Wapo ndugu wa mume wanaohesabu mabati ya nyumba kabla maiti hajazikwa, ingawa sheria ya familia ya mwaka 1987 inamlinda mjane katika nyumba aliyoishi na mumewe. Wapo wanaotafuta mchawi, na mara nyingi mchawi huyo hupatikana akiwa ni mwanamke mzee au mtoto asiye na mtetezi. Mjane mmoja aliniambia kwamba alilipia ukumbi ili tu ndugu wa mumewe wasipate sababu ya kulala nyumbani kwake, na kwamba walinzi mlangoni walimpa siku mbili za amani. Sina jibu la kumpinga. Kwa mtu aliye katika hali yake, kifurushi cha kati kina thamani ya fedha yake. Ninachokiona ni kwamba alinunua ulinzi dhidi ya watu wake, na hiyo ni hali ambayo baraza la wazee wa barabara au jumuiya yake ya kanisa ingepaswa kumlinda nayo bila malipo, kama bado ingekuwa na nguvu ya kusema na kusikilizwa.

Ukumbi wenyewe hauna mengi ya kuelezwa. Ni safi, vyoo vina maji, na maegesho yanatosha. Spika zina kelele mno.

Kwa anayekwenda kununua, nashauri achukue vitu peke yake badala ya kifurushi, ingawa mapokezi watamshawishi kwamba kifurushi ni nafuu. Nilipojumlisha ankara ya familia ya Katuba kitu kimoja kimoja, sanduku, gari na karatasi vilikuwa chini kidogo ya nusu ya dola 1,200. Kilichobaki kilikuwa hema, viti, chakula na “uratibu”, yaani mambo ambayo barabara yoyote ya mitaa yetu ya Katuba, Kenya au Kamalondo bado inaweza kuyafanya kwa siku moja, kwa viti vya kanisa na vyungu vya likilimba, chama cha akina mama cha kuchangiana kwa zamu. Walio na uwezo mkubwa nawashauri vivyo hivyo, na kwao nina ombi zaidi: fedha ya bendi na droni ingetosha kulipia masanduku kadhaa ya majirani wa zamani wa marehemu ambao maiti zao zinasubiri katika chumba cha maiti kwa kukosa malipo, na familia moja niliyozungumza nayo ilifanya hivyo kimyakimya, bila kuweka jina lake juu ya sanduku lolote. Daftari liwekwe mezani hata katika ukumbi wa kifahari, na liandikwe na mtu wa familia anayewajua watu kwa nyuso.

Meneja, nilipomweleza niliyoyaona, alisema kwamba bangili ziliombwa na wateja wenyewe, na kwamba familia ikiandika ndani ya mkataba kwamba haizitaki, hazitaletwa. Kuhusu jiko alisema kwamba halikatazwi nyumbani kwa marehemu mradi familia itie saini kwamba chakula si jukumu la nyumba ya mazishi, na kwamba bei ya sahani itatolewa katika ankara. Mambo hayo mawili hayamo katika karatasi ya bei, na mapokezi hawayataji, hupewa anayeuliza. Aulize kabla ya kutoa malipo ya awali, na jibu aandikiwe kwa saini, kwa sababu baada ya fedha kupokelewa hesabu haifunguliwi tena.